Mbabula ya udongo: miezi minane nikijipikia Katuba

Mbabula hii, jiko langu la makala (makaa), naiwasha karibu kila jioni hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, tangu mwezi wa tatu. Niliinunua soko la Kenya la hapa mjini kwa fundi wa mabati, franka 18.000, na ile ya bati tupu ilikuwa nusu ya bei hiyo. Nje ni bati lililobanwa kiunoni. Ndani kuna kikombe cha udongo wa kuchoma chenye matundu, na chini kuna mlango mdogo wa hewa. Umbo hilo lilienea kutoka nchi ya Kenya miaka ya 1980, lakini jina la soko letu limelingana nayo kwa bahati tu.

Kabla ya hapo nilikuwa nakula njiani. Nikitoka kazini napita kwenye kibanda cha kuku na viazi vya kukaanga, nanunua sahani, namaliza nikiwa nimesimama. Tarehe 20 pesa imeisha, na usiku kifua kinawaka kwa mafuta. Nyumbani nilikuwa na resho, jiko dogo la umeme, lakini mtaani kwetu umeme haukai. Mara ngapi nimeacha mchele nusu mbichi ndani ya maji!

Tena kupika nilikuwa sijui. Kwetu mtoto wa kiume hakuitwa jikoni, na hilo linaniuma mpaka leo. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alikuja Jumapili moja akakaa kwenye kiti kidogo, mikono ameikunja, akataka nifanye mwenyewe.

“Yaya, maji yamechemka. Nimwage unga?”

“Kidogo kwanza, mdogo wangu. Upate uji, uuache utokote. Unga mwingine unakuja nyuma.”

Hapo ndipo nilipoielewa mbabula yangu. Uji wa bukari (ugali) unataka moto wa nguvu, lakini ukishaongeza unga na kuanza kusonga, moto huohuo unakuwa adui: chini panaungua, katikati panabaki unga mbichi. Kwenye mbabula ya bati unahangaika kutoa makala kwa koleo huku mwiko umesimama ndani ya sufuria. Hii unafunga mlango nusu. Makala yanatulia, udongo unashika joto, nawe unapata muda wa kuponda madonge ukutani mwa sufuria, kugeuza, kufunika. Bukari yangu ya kwanza ilikuwa na madonge. Ya nne Yaya aliimaliza yote, akanawa mikono bila kusema neno, nami nilifurahi sana.

Kwa sombe ni nzuri zaidi. Sombe iliyotwangwa haitaki haraka: majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga pamoja na kuchemsha sana ndiko kunakoiondoa. Nayaweka mlango ukiwa wazi kidogo tu, naoga, nafua mashati, narudi bado yanatokota. Mwishoni natia kitunguu, mawese, karanga zilizosagwa na kipande cha kitoyo, samaki wa chumvi, nilichoosha chumvi.

Kasoro zipo. Mwezi wa sita nilizima makala kwa maji, kikombe kikapasuka papo hapo. Fundi hakuwa ameniambia, na naona kila muuzaji angepaswa kumwambia mteja: funika kwa majivu au funga mlango, usimwage maji kwenye udongo wa moto. Kikombe kipya kilichukua wiki moja. Wiki hiyo jirani aliniazima mbabula yake ya bati, na mfuko wa makala unaonifikisha siku tatu uliisha siku ya pili. Vishikio navyo vinaunguza, nimevifunga kitambaa.

Mvua zimeanza na najua kishawishi cha kuiingiza chumbani. Msifanye hivyo. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki. Mimi napika barazani chini ya bati, hata upepo ukipiga.

Kwa mtu anayeishi peke yake na anayetaka kuanza kujipikia, nashauri anunue hii kabla ya resho. Kinachonikera ni kwamba inabeba sufuria moja tu: sombe ikishaiva naiteremsha, na bukari ikiwa tayari mboga imepoa. Mwisho wa mwezi narudi kwa fundi yuleyule kuchukua ya pili, ile ndogo.