Miche ya nyanya, kitalu cha Kibada: mizizi ndiyo iliyonivutia

Kwa sisi wa Kigamboni tunaomwagilia maji ya kisima ya chumvichumvi, hapa ndipo pa kununua miche. Chomoa mmoja kwenye trei uutazame: udongo umeshikamana, mizizi ni myeupe nchani na imeanza kuwa ya kahawia kule juu. Kijana wa pale hupunguza maji kabla ya kuuza, na mimi namuunga mkono kabisa. Mzizi ukionja ukame au chumvi, homoni ya mmea iitwayo ABA huuchochea upake suberini, dutu kama nta inayozuia maji, ile ile iliyomo kwenye gome la kizibo, katika kuta za seli. Mimea mingi huipaka safu ya ndani, endodamisi. Nyanya huipaka safu ya nje, eksodamisi, na hapo maji hayapotei ovyo. Na ukuta huo hubadilika! Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana na watafiti, imeonekana kwamba madini ya chuma yakipungua ardhini, suberini nayo hupungua ili mzizi uweze kufyonza zaidi.

Bei ni nzuri. Ila pa kupakilia hapana kivuli, miche hunyauka watu wakiwa kwenye foleni. Nendeni asubuhi.