Mtungi gani ununue kwa moto wa umeme

Kabla ya kugusa mtungi wowote wa kuzimia moto, zima swichi kuu kama unaifikia salama. Umeme usipokatwa, moto uliouzima unaweza kuwaka tena mbele ya macho yako. Mtungi wa kununua basi ni ule unaoweza kuutumia hata kama huna hakika kuwa umeme umekatika.

Nafasi ya kwanza naupa mtungi wa hewa ukaa. Gesi yake haipitishi umeme wala haiachi vumbi, kwa hiyo kompyuta iliyo jirani na ile iliyoungua hubaki salama. Utautambua kwa mdomo wake mweusi mpana, na kwa kutokuwa na geji ya shinikizo. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoponzeka, maana mtungi uliovuja hautofautiani kwa sura na uliojaa. Dai upimwe kwenye mizani mbele yako, ulinganishe na uzito ulioandikwa juu yake. Wa kilo 2 unatosha meza ya kazi, ila huisha katika sekunde kumi hivi. Chumba cha mitambo kinataka wa kilo 5. Usiushike mdomo wake unapopuliza, kwani gesi hutoka na baridi kali ya kuunguza ngozi. Na chumba kikiwa kidogo, toka mara moto ukizimika, maana gesi hiyo hufukuza hewa unayoivuta.

Wa pili ni poda kavu. Ni nafuu, ina geji, na huzima pia moto wa mbao na petroli. Kama nyumba itakuwa na mtungi mmoja tu, ningenunua huu bila kusita. Soma lebo: mingi huruhusiwa hadi volti 1,000, ukisimama umbali wa mita 1. Lakini usiuweke penye vifaa vya thamani. Poda hupenya kila tundu, na ikipata unyevu hula saketi hata zile ambazo moto haukuzigusa.

Mitungi ya gesi safi, yaani gesi zisizoacha mabaki, haina kasoro hiyo, ila bei yake inafaa wenye vyumba vya seva. Ukiuziwa mtungi wa zamani wa haloni, gesi nyingine ya kuzimia moto, kataa. Inaharibu tabaka la ozoni.

Maji ya kawaida na povu usivifikirie kabisa, kwani vinaweza kuurudisha umeme mkononi mwako.

Kabla ya kulipa, hakikisha pini ipo, lakiri haijakatwa, na tarehe ya ukaguzi inasomeka.