Delta ya Rufiji au Kilwa Kisiwani?

Ukitoka Mbagala kuelekea kusini, barabara ni ileile. Ukifika Bungu, wilayani Kibiti, ndipo unaamua: uchepuke kwenda Nyamisati, bandari ya deltani, au uendelee hadi Kilwa Masoko.

Delta ni ya wanaopenda vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja Septemba 1914, kisha ikajificha katikati ya visiwa vya mikoko. Waingereza walihangaika nayo miezi. Meli zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji mafupi, hivyo zikaletwa manowari ndogo, Severn na Mersey, huku ndege kutoka Mafia zikielekeza mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mizinga yake yote 10 iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Lakini nikuambie ukweli, machoni utaona mikoko na tope tu. Hadithi uje nayo kichwani.

Kilwa Kisiwani mawe yenyewe yanasema. Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14, mji alioufikia msafiri maarufu Ibn Battuta mwaka 1331. Vita navyo vipo: Wareno waliuteka mji 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512.

Mwenye siku mbili tu, na watoto, aende Kilwa. Mimi ningerudi Rufiji, kwa mtumbwi, maji yakijaa.