Mkandarasi aliyerudisha udongo mweusi chini ya sakafu: uzoefu wangu Kisumu

Kuta za mkandarasi huyu na mafundi wake siwezi kuzilaumu. Kona zilipimwa kwa pembetatu ya tatu-nne-tano, timazi imesimama tangu msingi hadi linta juu ya madirisha, na mistari ya korogo kati ya mawe inalingana nyumba nzima. Ningeandika haya kabla ya masika, wangepata nyota nne bila ubishi.

Sasa sebule imevimba katikati. Mlango wa chumba cha kulala unakwaruza sakafu, na sakafuni kuna ufa unaofuata ukuta ambao sarafu ya shilingi kumi inaingia bila kusukumwa. Tulipotoboa pale penye uvimbe, chini ya slabu, yaani sakafu ya zege, tulikuta mawe ya unene wa kiganja tu, halafu udongo mweusi. Ni ule ule uliochimbwa kwenye mitaro, umerudishwa na kukanyagwa kwa miguu. Unanata kwenye jembe kama ugali usioiva.

Anayejenga bangalo upande wa Nyamasaria, Ahero, au popote kwenye tambarare ya Kano anaujua udongo huu. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka nyufa. Kuta zangu zimetulia kwa sababu mitaro ilifika kwenye murram ngumu, ule udongo wa changarawe. Sakafu haikai juu ya mitaro, inakaa juu ya kile kilichojazwa katikati, na kilichojazwa ndicho kinachovimba. Kwa hiyo ukiona sakafu imeinuka na kuta hazina ufa, usimkimbilie fundi wa tailizi. Tafuta kilicho chini.

Kazi inavyotakiwa si siri. Udongo mweusi unazolewa wote ndani ya msingi na kuondolewa kwenye ploti. Kama umepita mita moja na nusu na bado ni mweusi, mwite mhandisi akupigie hesabu ya msingi wa slabu nzima wenye vyuma. Ukifika pagumu, unajaza murram kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka inamwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine ya kompakta kabla ya nyingine. Juu yake mawe ya hadkoo sentimita 30, nayo yashindiliwe, kisha vumbi la kwari sentimita 5 kuziba mianya ili polithini isitobolewe. Halafu dawa ya mchwa, polithini ya geji 1000 ya kuzuia unyevu, BRC (wavu wa chuma) ya A142 iliyoinuliwa kwa biskuti za simiti, yaani vipande vidogo vya kuuegemeza, ndipo korogo ya slabu.

Na lori zinahesabika! Nyumba ya mita mraba 100 ikijazwa sentimita 30 ni mita 30 za ujazo. Mita moja ya mawe yaliyoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 2, kwa hiyo ni kama tani 60. Lori za tani 18 hazipungui nne, bado hujahesabu murram. Kwangu ziliingia mbili. Kwenye BQ yao wenyewe, ile orodha ya kazi, vifaa na bei, imeandikwa sentimita 30, na hiyo ndiyo pesa niliyolipa.

Bado ningesema ukiwa na mtu wako wa kusimamia msingi, kuta unaweza kuwaachia. Lakini nikikumbuka jibu la fomeni wao nilipouliza kwa nini lundo la udongo nje linapungua badala ya kubebwa, damu inachemka. Alisema mbele ya vibarua: "Madam, wewe chagua rangi ya tailizi, haya ya chini tuachie." Akageuka akaendelea na simu yake. Alijua kilichokuwa kinaingia mle ndani. Mtu anayejua na anakujibu hivyo nyumbani kwako hafai kupewa hata ukuta wa ua. Nyota nne nazifuta, na ile kauli ya kuwaachia kuta naifuta pia.

Usilipe awamu ya msingi kabla hujachimba na kupima, na uchimbe kabla polithini haijatandazwa. Chagua sehemu tatu katikati ya vyumba, chimba kwa mtaimbo hadi chini, pima unene wa mawe kwa tepu, piga picha. Wakikataa kuchimbiwa, umeshapata jibu. Stakabadhi za kwari zibaki kwako, zisibaki kwa fomeni.

Wao wanapendekeza kujaza ufa kwa simiti na kupiga tailizi juu. Haitasaidia chochote, mvua ikirudi utafunguka pale pale. Dawa ni kuvunja slabu ya sebule yote, kuzoa udongo wote mweusi hadi kwenye murram, kujaza upya kwa tabaka, kuweka polithini na BRC mpya, na nje kumwaga eproni, yaani ukanda wa zege kuzunguka nyumba, ya upana wa sentimita 90 yenye mteremko ili maji ya paa yasisimame kando ya msingi. Gharama hiyo nimewaandikia kwa barua waibebe wao.