Mwaka na miezi miwili ya kujipikia malhamu na mafuta ya ngozi: kilichobaki kabatini na kilichoishia jalalani

Nasema "kujipikia" kwa sababu ndivyo ilivyo: sufuria, mwiko, na jiko ambalo nta ikilimwagikia utalikwangua mpaka jioni. Sikuanza kwa falsafa yoyote. Mikono yangu ilikuwa inapasuka kwenye viungo vya vidole kwa kufua na kuosha vyombo, losheni nilizokuwa nanunua zilichoma kwenye ile mipasuko, na nilikuwa na mfuko wa maua makavu ya kalendula niliopewa zawadi nisijue pa kuupeleka.

Tangu hapo nimetengeneza vitu kama kumi na viwili. Vinne bado navitumia. Vingine vilioza, viliniwasha, au vilikuwa kazi bure, na nitavieleza hivyo hivyo kwa sababu nilipokuwa natafuta maelekezo kila mtu alikuwa anaonyesha kopo zuri la siku ya kwanza, hakuna aliyeonyesha kopo lile lile baada ya wiki tatu.

Jaribio la kwanza lilikuwa mafuta ya mwarobaini. Nilichuma majani mabichi, nikayaosha vizuri, nikayasokomeza kwenye chupa ya kioo na kumimina mafuta ya alizeti hadi shingoni. Chupa nikaiweka dirishani ipigwe na jua, maana kwenye picha zote chupa huwa dirishani. Wiki ya pili nikafungua: viputo juu, utando wa kijivu kwenye majani yaliyochungulia nje ya mafuta, na harufu iliyomtoa mdogo wangu sebuleni. Jani bichi sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukililoweka kwenye mafuta, yale maji hutoka na kubaki humo humo, na bakteria na ukungu wanachohitaji ni hayo maji, si mafuta. Mimi nilikuwa nimeyaosha kabisa, yaani nimeongeza maji juu ya maji. Hata jua la dirishani halikusaidia, kwa kuwa mwanga huharakisha mafuta kuchacha.

Safari ya pili nikatumia kalendula kavu. Kavu hapa iwe kavu kweli: petali livunjike ukilikunja, na ukiwa na ua zima kagua kile kitako cha kijani cha katikati, ndicho kinachoficha unyevu petali zikiwa tayari zinakatika. Chupa nayo iwe kavu, hata tone la maji ya kuoshea lisibaki. Nilijaza maua hadi nusu ya chupa, nikamimina mafuta ya zeituni yapande kama sentimita 2 juu ya maua, nikafunga na kuiweka kabatini gizani. Kila nikikumbuka naitikisa. Baada ya wiki nne nilichuja kwa kitambaa cha melimeli nikapata mafuta ya rangi ya dhahabu iliyokolea, yenye harufu kidogo ya nyasi kavu. Ndiyo hayo hayo nayatengeneza hadi leo.

Ukiwa na haraka kuna njia ya moto: bakuli la mafuta na maua juu ya sufuria ya maji yasiyotokota, kwa saa mbili au tatu. Mimi hutumia kipimajoto na sivuki nyuzi 60. Mara moja niliondoka kwenda kuzungumza na simu, niliporudi maua yalikuwa ya kahawia na mafuta yananuka kukaanga. Na usifunike bakuli kwa mfuniko mgumu. Mvuke hugandia juu na kudondokea ndani, ukarudi kwenye shida ya mwarobaini wangu.

Sasa malhamu, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Ni mafuta yaliyolowekwa mimea pamoja na nta ya nyuki, basi. Nta huyeyuka karibu nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo sufuria ya maji inatosha, na nta usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Kinachosumbua ni uwiano. Kopo langu la kwanza lilikuwa sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta, likatoka gumu kama mshumaa. Ilibidi nilikwangue kwa ukucha. La pili nilipunguza mno, likawa uji uliovuja mkobani. Nimetulia kwenye gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta kwa malhamu ya mikono na visigino, na gramu 15 kwa ile ninayotaka iwe laini zaidi. Pima kwa mzani, si kwa kijiko, kwa sababu nta iliyokunwa na nta ya vipande haziwezi kujaa kijiko sawasawa. Kabla ya kumimina kwenye makopo, dondosha kidogo kwenye sahani uliyoipoza kwenye friji. Ikishaganda iguse. Ngumu sana? Ongeza mafuta. Laini? Ongeza nta. Jaribio hilo la dakika mbili lingeniokolea makopo mawili ya mwanzo.

Kuosha vyombo ndiko kunakokatisha tamaa. Futa sufuria kwa karatasi ingali ya moto, kisha ndiyo uoshe kwa sabuni. Usiimwage nta kwenye sinki hata kidogo. Mimi niliimwaga, na sitaki kuzungumzia bomba lile.

Je, inafanya kazi? Kwa mikono yangu, ndiyo, na haraka kuliko nilivyotegemea: wiki ya kwanza mipasuko iliacha kuchoma, ya tatu ilikuwa imefunga. Ila sitaisifia kalendula peke yake. Kazi kubwa naamini ni ya nta na mafuta, maana vinatanda juu ya ngozi na kuzuia maji yake yasipotee hewani. Malhamu haina tone la maji, kwa hiyo haiwezi kuipa ngozi unyevu ambao haupo, inafungia uliopo. Nilipokuwa naipaka juu ya mikono mikavu nilibaki na ngozi ile ile kavu, sasa ikiwa na mafuta juu. Nilipoanza kuipaka mara tu baada ya kunawa, mikono ingali mbichi mbichi, ndipo nilipoona tofauti. Maji yawe kwenye ngozi, si kwenye kopo. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingepoteza miezi miwili kwenye losheni.

Maana losheni ndiyo iliyonishinda. Nilitaka kitu chepesi cha mwili, nikachukua jani la alovera, nikalisimamisha kwanza utomvu wa njano utiririke (huo unawasha, usiiruke hatua hii), nikakwangua jeli, nikaipiga kwenye blenda na mafuta ya nazi na nta iliyoyeyushwa. Ilitoka nyeupe, laini, ya kupiga picha. Siku ya tatu maji yalikuwa yamejitenga chini. Siku ya tisa nikaona vidoadoa vyeusi kando ya kopo. Nta peke yake haina nguvu ya kuunganisha maji na mafuta yakakaa pamoja. Inataka kiunganishi maalumu. Na hata yakikaa pamoja, yale maji yanataka kihifadhi kinachozuia bakteria na ukungu wote wawili. Nilikuwa nimeweka matone ya vitamini E nikidhani ndiyo kihifadhi. Siyo. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, lakini bakteria haimsumbui hata kidogo. Kuchemsha maji kabla nako hakukusaidia, kwa sababu kidole cha kwanza kinachochota kinapeleka wadudu wapya.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si vile vidoa vyeusi, bali zile siku tano au sita kabla havijaonekana. Bakteria wanaweza kuwa wengi kwenye krimu ingali nyeupe na inanukia vizuri, na mimi nilikuwa naipaka kwenye mikono yenye mipasuko. Kuna watu wanaotengeneza losheni nzuri nyumbani, wenye kupima pH (kipimo cha ukali wa asidi) na kihifadhi kwa asilimia. Ni ufundi halali, ila si "rahisi" kama inavyotangazwa, na mimi sina subira hiyo. Alovera sasa naikata kidogo, naipaka mbichi, inayobaki naiweka kwenye friji kwa siku chache tu.

Unga wa oti ulinishangaza kwa uzuri. Unasagwa kwenye mashine ya kusagia kahawa mpaka uwe laini kama poda. Kipimo chake: koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, maji yakiwa meupe kama maziwa na unga usizame haraka, umesagika. Ukizama, rudisha kwenye mashine. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliukubali unga wa oti wa namna hii miongoni mwa vikinga ngozi mwaka 2003, kwa hiyo huu si uvumi wa bibi tu. Naweka kikombe kwenye maji ya uvuguvugu ya kuoga ngozi ikiwasha. Au naukoroga na maji kidogo kiganjani na kuupaka usoni dakika kumi. Unakaa mkavu kwenye chupa, unachanganywa pale pale unapotumika, hauna nafasi ya kuoza.

Limao, hapana. Nilifanya skrabu ya sukari na limao kwa ajili ya viwiko vyenye weusi, nikaosha juu juu, nikatoka kwenda kuanika nguo. Kesho yake mgongo wa mkono ulikuwa mwekundu na una malengelenge madogo, na michirizi ya kahawia iliyobaki baadaye ilichukua zaidi ya miezi miwili kufifia. Michungwa na ndugu zake, hasa ndimu, wana kemikali zinazoamshwa na jua zikachoma ngozi. Pia kuna suala la ukali: ngozi yetu ina pH ya karibu 5, limao ni karibu 2, na kila nambari moja ya kipimo hicho ni mara 10, kwa hiyo tofauti hiyo ni mara 1,000. Nilikuwa nataka kuondoa weusi, nikajichorea mwingine.

Mafuta tete, yale ya kunukia yanayouzwa kwenye vichupa vidogo, nayatumia kwa uchoyo. Mara ya kwanza nilitia matone 40 ya lavenda kwenye gramu 100 za malhamu, takriban asilimia 2. Mikono ilivumilia. Usoni, karibu na macho, iliniwasha usiku kucha. Sasa kwa kopo la gramu 30 naweka matone 6, yaani kama asilimia 1, au siweki kabisa. Kalendula na kamomili nazo ni za jamii moja na alizeti, na wapo wenye mzio na jamii hiyo. Kila kitu kipya nakipaka kwanza ndani ya kiwiko na kusubiri siku mbili. Inachosha, najua. Niliruka mara moja tu, kwenye ile ya lavenda.

Kwa wenye uso wa mafuta kama wangu: mafuta ya nazi yaliniletea chunusi za paji la uso ndani ya wiki mbili, ingawa miguuni ni mazuri mno. Siagi ya shea ni tamu, ila ikiyeyushwa na kuachwa ipoe taratibu inakuwa na chenga chenga kama mchanga. Haijaharibika. Iyeyushe tena yote, uipoze haraka kwenye friji. Na kinga ya jua nanunua, sijaribu. Nimeona maelekezo ya mafuta ya karoti kwa kazi hiyo. Jikoni hakuna chombo cha kupimia kinga, na kosa lake unaligundua ukiwa umeshaungua.

Gharama? Mwanzoni haikuwa nafuu hata kidogo, ukihesabu mzani, makopo, nta, na vile vyote nilivyotupa. Sasa ndiyo imeanza kulipa, kwani kopo la gramu 30 linanichukua wiki sita hivi. Naandika tarehe kwenye kila kopo na kulinusa kabla ya kutumia; mafuta yakichacha yananuka kama rangi ya zamani, huwezi kukosea.

Nikitoa nyota: malhamu ya kalendula 5, unga wa oti 5, mafuta ya kuloweka 4 kwa sababu ya kusubiri, siagi ya shea 4. Losheni ya alovera 1, na hiyo moja ni ya picha. Skrabu ya limao sifuri. Wiki ijayo napika malhamu tena, gramu 200 safari hii, maana mdogo wangu, yule yule aliyekimbia sebuleni, ameshachukua makopo mawili na anauliza kama kuna lingine la rafiki yake.