Globe ya London: tiketi ya kusimama ndiyo tiketi

Anayekwenda London kumsikiliza Shakespeare, si kupiga picha mlangoni tu, anunue tiketi ya kusimama uani katika ukumbi wa Globe, ng'ambo ya kusini ya mto Thames. Ndiyo rahisi kuliko zote: tangu ukumbi ulipofunguliwa mwaka 1997 ilikaa pauni 5 kwa zaidi ya miaka 20. Ndiyo pia nafasi bora kabisa humo ndani.

Sababu ni mwanga. Jengo hili limeigwa kutoka lile la 1599, lililoungua 1613 baada ya mzinga kufyatuliwa katikati ya mchezo na cheche kushika paa la nyasi. Uani hakuna paa. Mchana jua linawapiga watazamaji. Usiku taa huwaangaza wote, hivyo mwigizaji anaziona nyuso zenu. "Kuwa au kutokuwa" ya Hamlet, ukiisoma kitabuni, ni mtu anajisemea. Pale ni swali unaloulizwa wewe, ana kwa ana. Shakespeare aliwaandikia watu waliosimama juani saa za alasiri, ndiyo maana wahusika wake hutamka kwamba sasa ni usiku: maneno yalifanya kazi ya taa. Mwaka 2016 taa za kisasa na vipaza sauti viliingizwa, na bodi ikaamua ukumbi urudie mwanga wa pamoja, unaowaangaza waigizaji na watazamaji sawasawa. Iliamua vyema.

Kiingereza cha Shakespeare ni kigumu, tusidanganyane. Mistari mingi ina mizani 10 bila vina, na sikio lililolelewa na tenzi za mizani 8 hunasa mapigo yake upesi kuliko maana. Basi soma mchezo kabla ya kwenda. Mchezo ukiwa Julius Caesar au The Merchant of Venice, tafsiri za Mwalimu Nyerere, za 1963 na 1969, zinatosha kabisa kukutayarisha. Na jukwaa hilo si geni kwa lugha yetu: mwaka 2012, michezo 37 ilipoletwa kwa lugha 37, waigizaji kutoka Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili.

Sasa miguu. Mchezo huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na kukaa chini uani wakati wa maonyesho hairuhusiwi. Panga foleni mapema, kisha ukimbilie ukingo wa jukwaa au ukuta wa nyuma, kwa kuwa katikati hakuna pa kuegemea, na huko ndiko watu huzidiwa na kuondoka wakati wa mapumziko. Mvua haisimamishi mchezo. Mwavuli umekatazwa kwa kuwa unawaziba walio nyuma, kwa hiyo chukua koti la mvua lenye kofia. Jua kali nalo lisikushtukize; beba maji.

Asiyeweza kusimama ana roshani tatu zenye mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Chagua safu ya nyuma kabisa, uegemee ukuta, na ukodi mto wa kukalia. Viti vya pembeni viepuke hata vikiwa na bei ya kuvutia: nguzo mbili nene zinazobeba paa la jukwaa humficha anayezungumza, na hapo unabaki na sauti tu, huku ndege zikipita juu.