Mashine ya kupigia polishi gari: kabla ya kulipa, kagua sahani

Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela inaingia Mtwara na magari yanaifuata. Harrier, IST, Noah, Crown: zinashushwa bandarini Dar, zinaendeshwa hadi huku kusini, na mwenye gari anafurahi mpaka siku atakapoliegesha juani pale Shangani. Hapo ndipo anaona boneti nzima imejaa mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui. Ukiwa na Toyota yenye rangi nyeusi ya kiwandani namba 202 utaiona zaidi, maana rangi ile ni laini na haifichi kitu.

Kwa magari mengi mikwaruzo hiyo iko kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Inaletwa na kuosha gari kwa tambara lenye mchanga, kufuta vumbi kavukavu, na ile polishi ya harakaharaka inayopigwa ili gari ling'ae siku ya kukabidhiwa tu. Kuiondoa ni kuisaga klia kidogo hadi mikwaruzo iishe, na hapo unahitaji mashine.

Wanaonilalamikia wengi wameshainunua hiyo mashine, na kilio chao ni kilekile: pedi, ile sponji ya mviringo inayosugua rangi, inachomoka kazini. Dada mmoja wa Chikongola ilimchomokea akiwa kwenye mlango, sahani inayoishika pedi ikagusa rangi, na leo mlango una alama ya duara iliyotoboa klia. Ndiyo maana sitawachosha na wati wala urefu wa waya, hayo mtayasoma kwenye boksi. Nataka tuzungumzie sahani.

Sahani ni kile kipande cha mviringo chenye velkro kinachoshika pedi. Muuzaji haitaji, mnunuzi haulizi, na ndiyo inayokufa mapema kuliko kitu kingine chochote. Joto linaanzia katikati ya pedi, vijino vya velkro vinalainika na kulala, pedi inaanza kuteleza, mwisho inaruka. Kwa jua letu, ukifanya kazi saa saba mchana juu ya boneti ya moto, unaiua mwenyewe.

Kuna na jambo la pili. Mashine nyingi za kisasa sahani yake inazunguka huku ikiyumba, na ule mzunguko uko huru, haulazimishwi na mota. Kwenye boneti iliyonyooka mambo ni mazuri. Ukifika kwenye bampa au juu ya tairi, palipopinda, sahani inaacha kuzunguka na kubaki inatetemeka tu. Kazi haifanyiki, joto linapanda, velkro inaungua. Mtu anasema kompaundi, ile dawa ya kusagia, ni mbovu, kumbe sahani imesimama.

Jaribio lake ni rahisi na lifanye dukani. Chora mstari kwa maka pen kwenye ukingo wa sahani, vika pedi, washa, kandamiza kiasi juu ya kitu kilichopinda. Mstari ukionekana umetulia, sahani imesimama. Kagua pia kwamba sahani ni ndogo kuliko pedi: ya milimita 125 ivae pedi ya 140 au 150, ili ukingo mgumu usije ukagusa rangi. Halafu uliza swali moja: sahani ya akiba ipo? Kama haipo, hata kuiagiza hawezi, ondoka.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni Makita PO5000C, na sioni haya kusema naipenda Makita. Ina wati 900 na sahani ya milimita 125, na ina swichi ya kuchagua: mzunguko huru, au mzunguko unaolazimishwa na mota. Ukifika palipopinda unageuza swichi, sahani inaendelea kuzunguka. Spea zake Dar zinapatikana. Ni nzito, mkono utachoka, na ukiwa kwenye mzunguko wa kulazimishwa bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za milango na boneti, maana pale klia inaisha upesi.

Ya pili ni Rupes LHR15 ya Italia, inayoyumba kwa milimita 15. Kwa boneti, paa na milango ni tamu sana, laini mkononi, na inaacha rangi safi. Imekuwa ya pili kwa sababu mzunguko wake ni huru na sahani yake huku kwetu ni ya kuagiza. Ukiinunua, nunua sahani mbili siku hiyohiyo.

Ya tatu, Makita 9237C, ya mzunguko mmoja tu, yaani inazungushwa na mota moja kwa moja bila kuyumba. Sahani haisimami kamwe, na skrubu ya M14 ni ileile ya grenda nyingi, hivyo sahani ya kubadilisha haikupi shida. Lakini ni mashine ya fundi aliyezoea. Anza na mizunguko 600 kwa dakika na usiigandishe sehemu moja. Klia ya kiwandani ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani haizidi sehemu moja ya ishirini ya milimita, na gari lililotumika Japani huenda lilishasagwa mara kadhaa kabla yako.

Mashine za chapa ya Ingco na Total za mzunguko mmoja: zinafanya kazi, kwa taa za mbele na gari la mazoezi. Sahani inayokuja nazo itupe, weka nyingine.

Sasa wauzaji. Kuna wanaochukua grenda ya kukatia chuma, ya mizunguko 11,000 kwa dakika, wanaifunga sahani ya velkro na kuiuza kama mashine ya polishi. Huo ni unyang'anyi, na wanaouza wanajua. Kuna Makita feki zenye stika nzuri kuliko ya kampuni. Kuna za Marekani za volti 120, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 imekwenda. Na ukiomba kuwashiwa, unaambiwa boksi halifunguliwi mpaka ulipe. Kwa bei ile? Hapana. Mwambie afungue, soma kibati cha volti, fanya lile jaribio la mstari, dai risiti ya EFD.

Na wale mnaoagiza Kariakoo ikaja na basi: nauli ya mzigo mnalipishwa mara mbili, mara ya mashine na tena ya sahani mnapogundua imeungua. Mwambieni muuzaji aweke sahani ya akiba ndani ya boksi lilelile na atume picha yake kabla basi halijaondoka.